Kutoka Mto Duck hadi Usangu: Ukame Hupimwaje Penye Vipimo Vichache?



Mji wetu wa Auburn ulipata jina lake katika shairi. Mwaka 1770 Oliver Goldsmith alichapisha utungo wake uitwao The Deserted Village, unaosimulia kijiji cha Auburn kilichokuwa na neema hata wenye mali walipoitwaa ardhi, na wakulima wake wakalazimika kuvuka bahari. Waliolichagua jina hilo kwa ajili ya kitongoji hiki cha Sydney katika karne ya 19 yumkini waliupenda uzuri wake bila kuijali sana hadithi yenyewe. Sisi tuliokuja kukaa hapa kutoka Tanga na Mbeya, kutoka Kitui, Bukavu na Uvira, twaielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa.

Vijiji tulivyoviacha havikuhamwa na wote. Wamo wazee wetu, wamo ndugu, na simu zao hutufikia usiku kwa sababu ya tofauti ya saa. Kila mwaka, katika msimu mmoja au mwingine, simu hizo huja na neno moja: mvua zimekataa. Baada ya neno hilo hufuata hesabu ngumu. Je, zitumwe fedha za chakula sasa, au zingojwe ziwe za mbegu baadaye? Nani atangulie, mama aliyeko mlimani au shemeji aliyeko bondeni na mifugo? Fedha zenyewe ndizo zile za kodi ya nyumba na za viatu vya shule. Anayekosea hesabu hii huona matokeo yake miezi mitatu baadaye, wakati ambapo mbuzi wamekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo tumeona yafaa toleo hili tueleze ukame ni kitu gani, wataalamu huupimaje, na hasa huupimaje katika nchi zetu ambako vipimo ni vichache. Tuanze na mto ulio jirani.

Anayeshuka katika stesheni ya Auburn, akayapita maduka ya mikate ya Kituruki na ya mboga za Kichina, akaelekea kusini-magharibi kwa mwendo wa nusu saa hivi, atafika katika Bustani ya Mimea ya Auburn iliyofunguliwa mwaka 1977. Familia nyingi huijua kwa micheri ya Kijapani inayochanua mwezi Agosti na kwa tausi wanaotembea baina ya wageni. Wachache huutazama mto unaopita pembeni. Huo ndio Mto Duck, mto mfupi uanziao upande wa kusini, karibu na Birrong, ambako sehemu zake zimesakafiwa kwa saruji kama mfereji. Kutoka hapo huja kaskazini ukitenganisha Auburn na Granville, kisha huingia katika Mto Parramatta. Tuliufuata Jumamosi moja, watu wazima sita na watoto wasiohesabika. Karibu na mlango wake, jirani na kilipokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Clyde kilichoacha kazi hiyo mwaka 2012, maji ni ya chumvi, hujaa na kupwa, na kingo zimeota mikoko. Mzee wetu mmoja wa Pemba alisimama kimya akiitazama, kisha akasema hakutazamia kuiona mikoko nyuma ya maghala na malori.

Wataalamu wa maji nchini Tanzania huliita kidakio eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake huishia katika mto mmoja. Kidakio cha Mto Duck ni mapaa ya mabati na vigae, barabara za lami na maegesho ya magari. Mvua ya nusu saa huufurisha; saa chache baadaye umekwisha kurudi kama ulivyokuwa. Ardhi haikunywa kitu. Mwishoni mwa mwaka 2019, moshi wa mioto ya misituni ulipoifunika Sydney, na kuanzia tarehe 10 Desemba tukakatazwa kumwagilia bustani kwa mpira ila kwa ndoo au kopo, sehemu ya chini ya mto huu ilikuwa na maji yake kama siku zote, kwa kuwa ni maji ya bahari. Mtu aliyeutegemea Mto Duck umpe habari za ukame wa mwaka ule angeambiwa kwamba hakuna ukame.

Kisha ikaja mvua ya tarehe 7 hadi 10 Februari 2020. Katika siku hizo nne kituo cha Observatory Hill, katikati ya jiji, kilipima zaidi ya milimita 390. Kituo hicho hupata takriban milimita 1200 kwa mwaka wa wastani, yaani karibu theluthi ya mvua ya mwaka ilimwagika kwa siku nne. Mabwawa yanayoinywesha Sydney, likiwemo lile kubwa la Warragamba lililokamilika mwaka 1960, yalikuwa yameshuka hadi asilimia 42 hivi. Mwezi huohuo yakapita 70. Kwa sisi wa mjini ukame ulikuwa umekwisha. Kwa mkulima wa magharibi ya mbali ya jimbo hili, ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kuuzwa na mchanga wake umepeperushwa na upepo, mambo hayakuisha kwa tangazo la bwawa.

Hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu. Neno ukame ni moja, lakini hutaja mambo matatu yasiyotokea kwa wakati mmoja. Upo ukame wa mbingu, mvua inapopungua chini ya kiasi kilichozoeleka mahali hapo. Upo ukame wa udongo, ambao ndio ukame wa kilimo: mizizi inakosa maji katika siku ambazo mmea unayahitaji. Na upo ukame wa mito, visima na mabwawa, ambao huja nyuma ya hiyo miwili na huondoka mwisho. Mto unaweza kukauka ilhali mvua ilikuwa nzuri. Shamba linaweza kufa kando ya mto uliojaa. Mto ni shahidi mmoja tu, na tutaona mbele kwamba ushahidi wake umewahi kuwapotosha watu kwa gharama kubwa.

Australia hupimaje? Idara ya hali ya hewa ya taifa ilianza kazi mwaka 1908, lakini vipimo ni vya zamani zaidi. Mvua ya Observatory Hill imeandikwa tangu mwaka 1858. Nguvu ya nchi hii si mitambo pekee. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wenye mashamba, hutoka kila siku saa tatu asubuhi, wakasoma kipimamvua, wakaandika. Wengine hurithi kazi hiyo kutoka kwa baba na babu. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Gibbs na Maher, walitoa njia nyepesi ya kuzitumia daftari hizo. Chukua mvua ya miezi mitatu unayoitaka kwa kila mwaka uliopimwa, tuseme miaka 100. Ipange kutoka mwaka wenye mvua kidogo kabisa hadi wenye mvua nyingi kabisa. Ukate msururu huo mafungu kumi yenye miaka kumi kumi. Iwapo mvua ya mwaka huu imeangukia katika fungu la chini kabisa, upungufu ni mkubwa na yafaa watu waanze kuangalia maghala.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kila mahali hulinganishwa na historia yake penyewe. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na Lodwar karibu milimita 200. Mvua ambayo Lodwar ingeshangiliwa kwa vigelegele ingeua migomba ya Rungwe. Kipimo kingine kilichotolewa na McKee na wenzake kule Colorado mwaka 1993 hufuata wazo hilohilo kwa hesabu ndefu zaidi: sifuri ni kawaida, hasi moja ni ukame wa wastani, hasi moja na nusu ni ukame mkali, hasi mbili ni ukame wa kupindukia. Mwaka 2009 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi nyingi waliafikiana kwamba kila taifa likitumie. Sharti lake ni moja, nalo ndilo linalotuumiza: kinataka vipimo vya miaka 30 au zaidi.

Kabla hatujafika huko, tuseme neno juu ya udongo, maana ndio ulio karibu na chungu. Wengi wetu tuna vijishamba nyuma ya nyumba hapa Auburn, mchicha, matembele na maboga, na kila aliyelima anaujua udongo wetu huu mzito wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa jua na kunata kwenye kiatu wakati wa mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Mahindi yaliyokwisha kukomaa majani, katika nchi ya joto, huweza kunywa milimita tano hivi kwa siku. Sasa tuchukue mfano wa kubuni wa mashamba mawili yaliyopata mvua sawa. La kwanza ni la kichanga, na mizizi yake ina akiba ya milimita 60. La pili ni la tifutifu, lenye akiba ya milimita 120. Mvua ikikatika, shamba la kwanza litakaa siku 12, la pili siku 24. Ikirudi siku ya 18, mmoja atavuna na jirani yake atakuwa amepoteza, hasa ikiwa siku hizo ndizo ambazo mahindi yalikuwa yakitoa ndevu. Ofisini, jumla ya mvua ya msimu itasomeka kuwa ni ya kawaida kwa wote wawili.

Kwa hiyo anayetaka kuupima ukame wa kilimo huweka hesabu kama ya mwenye duka: salio la jana, ongeza mvua, toa kilichonywewa na mimea na kilichochukuliwa na jua, andika salio la leo. Hivyo ndivyo idara ya kilimo ya New South Wales inavyofanya katika kipimo chake cha sasa, kinachounganisha mvua, maji ya udongo na ukuaji wa mimea, kikaonyesha pia kama hali inaelekea kubaya au kuzuri.

Haya yote yawezekana penye daftari. Kwetu je?

Tusiseme kwamba kwetu hakukupimwa. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa na vituo katika nchi zote tatu, na mashamba ya mkonge, ya chai na ya kahawa, misheni na shule ziliandika mvua kwa bidii. Kongo ilikuwa na vituo vya utafiti wa kilimo vya INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933, ikiwa na makao yake Yangambi. Baada ya mwaka 1960 vituo vya Kongo vikapungua vibaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila nchi ikabaki na fungu lake. Mitambo ilichakaa, bajeti zikawa finyu, karani akastaafu asipate wa kumrithi, vita vikapita. Leo kidakio kikubwa kama mkoa chaweza kuwa na vipimamvua vinavyohesabika kwa vidole, navyo vyote viko mjini, bondeni, ilhali mto hupata maji yake mlimani.

Wataalamu wamezibaje pengo hilo? Kwa setilaiti, lakini kwa tahadhari. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na setilaiti nyingi hufanya kazi kwa methali hiyo: hazioni tone la mvua, hupima ubaridi wa sehemu ya juu ya wingu. Wingu refu ni la baridi, na wingu la baridi kwa kawaida huleta mvua. Kumbukumbu mojawapo itumiwayo sana kwetu, iitwayo CHIRPS, huunganisha ubaridi huo wa mawingu na vipimamvua vilivyopo ardhini, ikatoa makadirio ya kila eneo la upana wa kilomita tano hivi, tangu mwaka 1981. Basi tuseme shule ya kijiji ina daftari la mvua la miaka minane tu. Miaka hiyo hulinganishwa na ile ya setilaiti. Ikiwa shule hupima milimita 100 kila setilaiti inapokadiria 80, makadirio ya miaka mingine huongezwa robo. Kwa njia hiyo daftari fupi hurefushwa likafika zaidi ya miaka 40, na sasa msururu wa Gibbs na Maher waweza kupangwa. Miaka minane ni michache, na kosa laweza kuwa kubwa. Hata hivyo ni bora kuliko kukisia.

Mahali ambapo setilaiti hukosea sana ni milimani kwetu. Usambara, Uluguru na Rungwe hupata mvua na manyunyu kutoka mawingu mafupi yaliyosukumwa na upepo yakapanda mteremko. Wingu hilo si la baridi sana, na setilaiti hulidharau. Bila kipimamvua kimoja cha kweli mlimani, hesabu ya kidakio kizima hupinda.

Ipo njia nyingine, ya kuupima ukijani wa nchi kutoka angani. Kwa kila mahali na kila mwezi huchukuliwa ukijani mdogo kabisa na mkubwa kabisa uliowahi kuonekana. Wa kwanza hupewa 0, wa pili 100, na wa leo hutafutiwa nafasi baina yake. Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 za nchi kame, na ndani yake kipimo hiki kikishuka chini ya 35 ukame ni wa wastani, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni wa kupindukia. Ni kipimo chema chenye udhaifu wake. Mti wa mathenge, ulioletwa Baringo na Tana kuzuia jangwa, hubaki kijani nyasi zikiwa zimekufa. Angani panaonekana malisho; chini mna miiba. Jambo hili si la kitabuni. Tangu mwaka 2010, kuanzia Marsabit, wafugaji wameweza kununua bima inayolipa kwa kufuata ukijani huo. Mfugaji ambaye mbuzi wake wamekufa katika eneo ambalo kwa wastani lilisomeka kijani haoni hata senti.

Sasa twende Usangu, mkoani Mbeya, tukaone kinachotokea vipimo vinapokuwa haba na watu wana haraka ya kupata jibu. Bonde la Usangu, lenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000, hupokea mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Maji hukusanyika katika ardhi oevu ya Ihefu, hupita kwenye mwamba wa Ng'iriama, kisha huwa Ruaha Mkuu, uendao kuinywesha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 mto huo ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko walirundikana katika vidimbwi. Tangu hapo ukawa unakauka karibu kila mwaka, kwa majuma na baadaye kwa miezi. Katika miaka hiyohiyo umeme ulikuwa ukitolewa kwa mgawo, na Dar es Salaam ikaanza kuuliza nani amekunywa maji.

Majibu yalikuwa mengi. Wengine walisema mvua zimepungua. Wengine walisema misitu imekatwa. Wengi, na hasa wenye sauti, walisema ni ng'ombe wa Wasukuma na Wamang'ati waliohamia Ihefu. Mradi wa utafiti ulioitwa SMUWC, uliofanya kazi kati ya mwaka 1998 na 2001, ulikusanya vipimo vilivyokuwepo, vyenye mapengo yake, ukalinganisha mvua, mito ya juu, mifereji na kituo cha Msembe ndani ya hifadhi. Ilionekana kwamba mvua haikupungua kwa kiasi cha kueleza kukauka kule, wala mito inayoshuka milimani haikubadilika hivyo. Kilichobadilika ni maji ya kiangazi yaliyochepushwa katikati, katika mifereji ya mashamba ya mpunga, makubwa ya Mbarali na Kapunga na madogo yasiyo na idadi, ambayo iliachwa wazi hata miezi isiyo na zao. Mifugo haikuwa sababu kuu. Kwa maneno mengine, ulikuwa ukame wa mto ulioletwa na mikono ya watu, wala haukuwa ukame wa mbingu.

Hata hivyo mwaka 2006 na 2007 ni wafugaji walioondolewa Usangu, wakaswagwa na ng'ombe wao hadi Lindi na Pwani, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika hifadhi. Mto uliendelea kukauka. Hatusemi kwamba ng'ombe wengi hawaiharibu ardhi oevu, huiharibu. Twasema kwamba familia zilipoteza makazi kwa hesabu ambayo vipimo vichache vilivyokuwepo vilikuwa vimekwisha kuitilia shaka.

Tusidhani kwamba penye vipimo vingi hakuna ugomvi. Miezi ya Desemba 2018 na Januari 2019, samaki wasiohesabika walikufa katika Mto Darling kule Menindee, magharibi ya jimbo letu hili. Wengine walisema ni ukame, na kweli ulikuwepo: miaka ya 2017 hadi 2019 ndiyo mitatu mikavu kupita yote katika bonde la Murray na Darling tangu mwaka 1900. Lakini Chuo cha Sayansi cha Australia, katika ripoti yake ya Februari 2019, kilisema pia kwamba maji mno yalikuwa yamechukuliwa upande wa juu wa mto. Ugomvi ni uleule wa Usangu. Tofauti ni kwamba hapa kila upande uliweza kuweka tarakimu mezani, na mkulima wa chini ya mto aliweza kumwambia wa juu ni siku gani maji yalipita na ni kiasi gani.

Turudi kwenye simu ya usiku. Taarifa zile za Kenya tulizozitaja hazitegemei setilaiti peke yake. Huuliza pia mambo ambayo mama yeyote kijijini aweza kuyajibu: kisima kiko mbali kiasi gani mwezi huu, ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani, mbuzi mmoja sokoni ananunua kilo ngapi za mahindi. Hilo la mwisho, kwa maoni yetu, ndilo kipimo cha thamani kuliko vyote kwa mtu aliye mbali. Ukame unapokaza, kila mtu hutaka kuuza mbuzi na kila mtu hutaka kununua mahindi. Bei moja hushuka na nyingine hupanda, na uwiano huo huanguka kabla ya magazeti kuandika. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Waliosaidiwa kabla mbuzi hawajakonda walibaki na mbegu ya kundi.

Basi simu ikija, tuulize kwa upole, kama mtu anayejulia hali, bila kufanana na karani wa bima. Mvua ya kwanza ilinyesha lini, na ya pili lini? Baina yake zilipita siku ngapi kavu? Mahindi yako kimo gani, yametoa ndevu au bado? Ukichimba kwa jembe, unyevu unaanza kimo gani: kifundo cha mkono au kiwiko? Maji ya mto yamepungua mlimani au yamepungua chini ya mifereji tu? Debe la mahindi ni bei gani, na mbuzi je? Tuandike majibu pamoja na tarehe. Familia mbili za bonde moja zikilinganisha majibu yao hapa Auburn, zitakuwa na picha ambayo pengine ofisi ya wilaya haina.

Wapo pia miongoni mwetu ambao baba zao walikuwa makarani wa mashamba, walimu au makatekista, na masanduku yao yamo nyumbani na daftari za mvua ndani yake. Tunawaomba ndugu walioko huko wazipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na kuzipeleka katika ofisi ya bonde lao la maji. Zisichaguliwe kurasa nzuri tu. Siku iliyoandikwa sifuri ni kipimo kamili, na haifanani na siku iliyoachwa wazi. Asiye na daftari aweza kuanza na kopo la maziwa lenye kuta zilizonyooka, likawekwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, maji yakapimwa kwa rula kila asubuhi saa ileile. Jina la kijiji na la mto liandikwe juu ya kila ukurasa. Daftari za zamani aghalabu zimeandikwa kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.